Siku Niliyosafisha Konde la Bi Mize

Kabla sijasimulia lolote, wale mnaosema nilikwenda Unguja kula pweza niwajibu kwanza. Pweza nilikula, mara mbili, na alikuwa mtamu. Lakini sicho nilichokifuata. Nilifuata watu wanaolima penye mawe.

Mnakumbuka yaliyotupata masika yaliyopita. Shamba la kikundi chetu, lile la kwenye mteremko juu ya barabara, liliondoka na mvua. Udongo wote ulishuka bondeni na maharage yake, ukabaki mwamba wenye mipasuko na mawe yaliyotawanyika. Wanawake kumi na mmoja tulisimama pale asubuhi ile tukitazama. Wengi wetu ni wajane, wengine tumeachika, na shamba jingine hatuna. Mwenyekiti wa kijiji alikuja, akapanda na kushuka, akatuambia kwa upole kwamba pale sasa panafaa mikaratusi tu. Miche ingeletwa katikati ya vuli. Tulipomlilia akatupa nafasi moja: kama mpaka siku hiyo tungeweza kumwonyesha chakula kinachoota kwenye mwamba ule, shamba lingebaki letu. Kama hakuna, angepanda miti.

Jioni ile nilimpigia simu binamu yangu Salome nimwagie machungu yangu. Salome ni fundi cherehani, anakaa Amani, huko Ng'ambo ya mji wa Unguja. Baba yake, mdogo wa baba yangu, alivuka maji ujanani kufanya kazi ya useremala na hakurudi tena. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniambia kwamba anamshonea nguo bibi mmoja wa Makunduchi, kusini mwa kisiwa, ambaye huko kwake jembe halizami hata kidogo, na bado kila mwaka humletea viazi vikuu vya kumshinda kubeba. Nilimwambia anatania. Akasema njoo uone.

Jumatatu moja kabla ya vuli, saa kumi na mbili asubuhi, Lushoto. Wenzangu walikuja kunisindikiza kituoni na kikapu cha peasi na maharage ya zawadi. Mama Hadija, mkubwa wetu kwa umri na kwa ukali, alinikagua kuanzia viatu hadi kilemba, akaniambia nisirudi na hadithi, nirudi na mbegu. Nikamwahidi. Basi lilishuka zile kona za kuelekea Mombo nikiwa najisikia mtu muhimu sana, na nilijisikia hivyo mpaka Dar es Salaam, nilikolala kwa mpwa wangu.

Jumanne asubuhi, bandarini. Mimi ni mtu wa mlimani. Nimezoea ardhi inayopanda na kushuka, lakini hukaa ilipo mpaka niipande mwenyewe. Boti ile ilipanda na kushuka bila kuniuliza. Kwa muda wa saa mbili nilitazama kiti cha mbele yangu, na kama mtu ataniuliza bahari ikoje, nitamweleza vizuri jinsi kile kiti kilivyoshonwa. Salome alinipokea kwenye geti la bandari ya Malindi, Unguja, akacheka mpaka akashika ubavu, kwa sababu nilikuwa nimekumbatia kikapu cha peasi kama mtoto mgonjwa.

Alinipitisha Mji Mkongwe kwa miguu ili nipate hewa. Nyumba zote za zamani zimejengwa kwa mawe ya huko huko na chokaa, zimesongamana mpaka jua linafika chini kwa shida. Kwenye kichochoro kimoja niliona mpapai umeota kwenye ufa wa ukuta, ghorofa ya pili, na ulikuwa na mapapai mawili. Nilisimama nikashangaa. Salome alinivuta mkono, akaniambia hapa hakuna anayeushangaa, wanachogombania ni nani wa kuyachuma.

Kwake Amani nilikaa usiku mmoja. Nyuma ya nyumba, mahali pasipozidi upana wa mikeka miwili, amepanda mchicha na mnavu kwenye ndoo zilizotoboka, na maji anayooshea mchele ndiyo anayomwagilia. Maganda yote ya jikoni yanaingia kwenye pipa, yanaoza, yanakuwa mbolea. Nilimsifu, ila kwa sauti ya mtu mkubwa anayemsifu mtoto. Nawaambia hili ili mjue nilikuwa na hali gani. Nilikuwa nimelima miaka thelathini, makinga maji yangu yananyooka kama yamepigwa rula, na moyoni niliamini kwamba watu wa pwani wanajua samaki na biriani.

Jumatano, saa tatu, barabara ya kusini. Mkwe wa Bi Mize, mtu wa makamo aitwaye Mcha, alikuwa ameshusha mapapai soko la Mwanakwerekwe, akanichukua kwenye gari yake ya mizigo. Mcha si mtu wa maneno. Nilitazama nje: minazi, miembe, mashamba ya muhogo kwenye udongo mwekundu wa Tunguu, nikawa namhesabia kila zao ninalolijua. Tukapita msitu wa Jozani wenye baridi nzuri, tukatokea upande wa pili, na hapo kila kitu kikabadilika. Miti ikawa mifupi, na kati ya kichaka na kichaka nikaona jiwe la kijivu lenye matundu matundu, limekwenda mpaka upeo wa macho. Nikamuuliza Mcha udongo uko wapi.

"Udongo tumeuacha Tunguu," akasema, na hilo ndilo lilikuwa neno lake refu mpaka tunafika.

Makunduchi, saa sita mchana. Bi Mize alikuwa kibarazani anasuka ukili wa majani ya mkindu. Ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye macho ya kucheka na mdomo usiocheka. Nilimwamkia, "Shikamoo, Bi Mize." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akanikaribisha mkekani, akapokea maharage akayanusa, akang'ata peasi akaisifu. Kisha akaniuliza habari za milimani. Alitaka kujua kama ni kweli nyumba zetu ziko juu kuliko mawingu, na kama watoto wetu tunawafunga kamba wasiporomoke. Nilimjibu kwamba tunawafunga wakiwa wakorofi tu. Hapo mdomo nao ukacheka kidogo.

Nilimwambia nimekuja kutazama kilimo chake. Sikumwambia zaidi. Habari ya mwenyekiti na mikaratusi niliimeza, kwa sababu sikutaka aone kwamba mtaalamu wa makinga maji amekuja kuomba msaada. Jamani, ningesema siku ile ile, nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia.

Alasiri alinipeleka kondeni, maana shamba kwao ni konde. Tulifuata njia nyembamba kichakani mpaka kwenye ua wa mawe uliofika kiunoni, wenyewe wanauita bigili, wa kuzuia nguruwe mwitu. Ndani ya ua ndipo palipo na konde, na mimi nilipoliona nilimwonea huruma bibi wa watu. Mipapai imesimama ovyo. Mbaazi hapa, pilipili kule, kunde zimetambaa juu ya matawi makavu. Hakuna mstari. Na kote, kote, mawe yaliyolegea: ya ukubwa wa ngumi, ya ukubwa wa sufuria, yamezagaa kana kwamba mtu aliyamwaga akaenda zake. Nilimuuliza viazi vikuu viko wapi. Akasema vimo humo humo, mvua bado. Nilidhani ana maana kwamba atavipanda mvua ikija. Sikuuliza tena. Nilikuwa najua kulima, kwa hiyo ningeuliza nini?

Usiku huo na wa kesho yake nililala nikimfikiria. Mwanamke wa umri ule, na hata mkwe wake hamtolei mawe shambani.

Ijumaa, alfajiri. Bi Mize alishuka pwani na maji yaliyokuwa yanatoka, kwenda kufunga mwani wake, akaniambia atarudi maji yakianza kujaa. Mara tu alipotokomea nilijifunga kanga kiunoni nikaenda kondeni. Nilitaka nimfanyie jambo la kumfurahisha. Mnanijua nikianza kazi. Niliokota mawe kuanzia pembe ya kwanza mpaka ya mwisho, nikayabeba mawili mawili, nikayapanga upande wa chini wa konde katika mstari ulionyooka, jiwe juu ya jiwe, yakakaa vizuri. Jua lilipopanda nilikuwa nimemaliza konde zima, natiririka jasho, na nimejenga kinga maji zuri kuliko yote niliyowahi kujenga. Nikakaa juu yake nikisubiri kushukuriwa.

Bi Mize alikuja moja kwa moja kutoka pwani, kanga zake zimelowa mpaka kifuani. Alisimama kwenye uwazi wa bigili. Hakuingia.

"Bi Rehema," akasema, "mawe yangu yako wapi?"

"Nimekusafishia, Bi Mize. Nimeyapanga ukuta."

"Ukuta wa kuzuia nini?"

"Maji yasishuke na udongo," nikasema, na hata kabla sijamaliza nikaona kwamba mahali pale ni bapa kama meza. Maji hayakuwa na pa kushukia.

Aliingia taratibu, akachuchumaa, akatia mkono kwenye moja ya yale matundu ya mwamba niliyoyaacha wazi. Akatoa kipande cha kiazi kikuu, kimekatwa vizuri, kimepakwa jivu, na upande mmoja kilikuwa kimeanza kuvimba ili kichipue. Akaniwekea kiganjani. Kilikuwa cha moto kwa jua.

"Vyote nshavipanda," akasema. "Kila jiwe uliloondoa, chini yake pana mbegu. Nnavifunika jua lisivichome na kima wasivichimbe. Sasa umevivua nguo vyote."

Sikumbuki kama nimewahi kuona aibu kama ile. Nilitazama konde zima, matundu yote yamefumbua midomo, na jua la saa tano linaingia ndani. Nilikuwa nimekuja kuokoa shamba moja, nami nimeua jingine. Machozi yalinitoka hapo hapo, na pamoja na machozi yakatoka yote niliyoyameza: shamba letu lililoporomoka, wanawake kumi na mmoja, mwenyekiti, miche inayokuja katikati ya vuli. Nilimwambia kwamba akinifukuza leo ana haki kabisa, ila wenzangu watapoteza shamba kwa ujinga wangu.

Bi Mize alinisikiliza huku anakamua maji ya kanga. Nilipomaliza akaniuliza kwa nini sikusema tangu Jumatano. Nikamjibu ukweli, kwamba niliona haya. Akatikisa kichwa.

"Lia baadaye," akasema. "Jua halingoji. Kata majani."

Tulikata majani kichakani tukakimbia nayo, tukafunika matundu yote, na mahali majani yalipopungua nilitandaza kanga zangu mbili za sikukuu. Mcha aliitwa akaleta madumu ya maji. Jua la adhuhuri likapita. Ndipo Bi Mize alipokaa juu ya ukuta wangu, akanyoosha miguu, akaniambia sasa nirudishe kila jiwe mahali pake.

Nikamuuliza nitajuaje jiwe gani ni la tundu gani, maana yalikuwa mawe mengi kupita kiasi. Akasema nitajua kama ninavyojua kifuniko cha sufuria yangu: kisichokaa kinaonekana. Mengine aliyatambua kwa kuyatazama tu. Hili la kule kwenye mpapai, hili alilileta mumewe, hili lina jicho. Yaliyobaki nilijaribu moja moja, tundu kwa tundu, siku ile mpaka magharibi na Jumamosi yote.

Na hapo ndipo nilipojifunza. Kama Bi Mize angenieleza akiwa kibarazani ningeitikia kwa adabu na kusahau njiani. Lakini mtu aliyerudisha mawe yale yote kwa mkono wake hasahau. Kila jiwe lina tumbo laini na mgongo wa kukwaruza, na tumbo linakaa chini, kwa sababu alfajiri huwa na unyevu na unyevu ule unarudi kwenye mbegu. Upande wa jua la asubuhi linaachwa pengo la vidole viwili ili chipukizi lipate mlango. Upande wa jua la alasiri linabana kabisa. Chini ya mbegu pana majani yaliyooza na jivu, na majani hayo hujazwa kwenye ufa mapema, yakae, yageuke udongo. Hakuna kulima. Hakuna kuchoma moto. Mbaazi iliyosimama "ovyo" imesimama pale ili mmea wa kiazi upate pa kupandia, na mpapai umesimama pale kwa sababu kivuli chake saa nane kinaangukia kwenye matundu matatu. Kila nilichokiona ni fujo kilikuwa na kazi yake.

Habari za mgeni zilienea mji mzima. Jumamosi jioni wanawake wa jirani walianza kupita kondeni mmoja mmoja, kila mmoja akijifanya anatafuta kuni. Walizungumza kwa Kimakunduchi chao ambacho sikukielewa hata nusu, ila kicheko kinaeleweka popote. Mmoja aliniuliza kwa upole kama kwetu tunapanga mawe ili mlima usianguke. Nikasema ndiyo, ndiyo maana. Akamwambia mwenzake, wakakaa chini kabisa kucheka, nami nikacheka nao mpaka mbavu zikaniuma. Nilikuwa nimechoka, mikono imechubuka, na moyo wangu ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu masika.

Mwisho yalibaki mawe ambayo hayakuwa ya tundu lolote. Nilitaka kuyatoa. Bi Mize alikataa, akasema miaka yote hiyo hakuwa na pa kukaa kondeni, sasa anapo. Mbegu chache zilikufa, siwafichi. Nyingi zilipona, na Jumapili asubuhi alinivuta mkono nikaone moja iliyokuwa imetoa ncha nyeupe.

Jumatatu, siku ya kuondoka. Tulikula viazi vikuu vya mwaka uliopita, vimepikwa kwa nazi, na pweza wa pili niliyewatajia. Nikakusanya ujasiri nikamwomba mbegu za kuwapelekea wenzangu. Akakataa. Nilidhani sikusikia vizuri.

"Kwenu hakuna viazi vikuu?" akaniuliza.

Nikamwambia vipo, kwenye nyua za wazee, vimejiotea. Hatuvipandi tena, tunalima kabichi na viazi mbatata vya kupeleka mjini.

"Basi si mnayo mbegu. Yangu mie ishazoea chumvi na joto. Huko itakufa kwa baridi, kisha utanlaumu. Kachukue ya huko."

Alinipa mkoba wa ukili alioushona mwenyewe, mzuri, mtupu. Nilimbusu mkono. Nilipokuwa napanda gari ya Mcha alinikumbusha tu kwamba tumbo linakaa chini.

Safari ya kurudi sina mengi ya kusema. Salome alinisindikiza bandarini, akanipa shanga za kumpelekea Mama Hadija. Bahari ilikuwa vile vile na kiti cha mbele kilikuwa cha rangi nyingine. Kwenye basi la Lushoto nilikuwa nazihesabu siku zilizobaki mpaka miche ije, na zilikuwa chache kuliko nilivyotaka.

Nyumbani, Jumatano jioni. Kikundi kizima kilinisubiri kwa Mama Hadija. Aliupokea mkoba, akautia mkono mpaka chini, akaniuliza mbegu ziko wapi.

"Ziko kwako," nikamjibu, "nyuma ya choo."

Ilibidi nikimbie kidogo. Lakini alipopoa tukazunguka nyuma ya choo chake na taa ya simu, na kiazi kikuu kilikuwepo, kimejizungusha kwenye mparachichi tangu enzi za mama mkwe wake. Kesho yake tulipita nyua za wazee wote wa kijiji. Wengi walitupa bure na wengine walitucheka bure. Tulivikata vipande, tukavipaka jivu.

Kazi ngumu ilikuwa mawe. Mnajua sisi mawe tumeyafanya nini siku zote: tumeyatupa korongoni. Basi tulishuka korongoni tukayapandisha mgongoni, yale yale tuliyoyatupa, na Mama Hadija akiyatukana moja moja. Tulijaza mipasuko ya mwamba kwa samadi ya mbuzi na majani, maana hatukuwa na mwaka wa kungoja yaoze. Na kwa kuwa kwetu ni mteremko na jiwe likiwekwa tu linabingirika, chini ya kila safu tulijenga kinga maji dogo la kulishikilia. Hiyo sasa ilikuwa kazi yangu, na hapa maji yalikuwa na pa kushukia. Mvua ya kwanza ilinyesha tukiwa tunaweka jiwe la mwisho. Sote kumi na mmoja tulikaa chini ya turubai tukitazama udongo wetu kidogo, na haukuondoka.

Wiki ya nne baada ya mvua hiyo, asubuhi. Mwenyekiti alikuja na kijana aliyebeba ndoo ya chokaa ya kuwekea alama mahali pa kila mche. Walisimama chini wakatazama juu. Kutoka pale barabarani hakuna kilichoonekana isipokuwa mawe, na yalikuwa mengi kuliko alivyoyaacha. Alitupa pole. Alisema anaona tumehangaika, lakini yeye hawezi kuandika kwamba mawe ni chakula.

Nilikuwa na maneno mengi nimeyapanga tangu Makunduchi, na yote yalinipotea. Nikamwomba tu apande hatua kumi, achague jiwe lolote analotaka yeye, alifunue.

Alipanda. Alichagua moja la ukubwa wa sinia, akaliinua kwa mikono miwili. Chini yake palikuwa na unyevu, na kwenye unyevu ule chipukizi nene, jekundu, limejikunja kuelekea kwenye pengo la jua la asubuhi. Mwenyekiti alichuchumaa. Akainua la pili, mbali na lile, akachungulia. Kisha akayarudisha yote mawili, na la pili alilirudisha kwa kulijaribu huku na huku mpaka lilipokaa.

"Mikaratusi nitaitafutia pahali pengine," akasema bila kuinua kichwa.

Kisha akasimama, na hapo ndipo alipotazama miguu yake. Akainua mmoja, akatazama chini yake. Akainua wa pili. Mtu yule aliyekuwa amepanda kwa hatua za kiserikali alishuka mteremko mzima kwa ncha za viatu, akiuliza kila hatua, "Hapa je? Na hapa pamepandwa?" na sisi kumi na mmoja tunamjibu kwa pamoja kwamba ndiyo, mwenyekiti, hapo pia pamepandwa.